Msalimie Kabla ya Kugusa Kamba

Akiletwa mtu amefungwa kamba, wanangu, msalimieni kabla hamjaigusa kamba. Najua chuoni mmefundishwa mambo makubwa kuliko hili, na mna simu zenye vitabu vyote ndani. Lakini mimi nina alama ya meno chini ya kiwiko cha kushoto, na hiyo alama ndiyo cheti changu.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye kituo kidogo upande wa Mlali. Waliniletea msichana juu ya mkokoteni wa punda, amefungwa kamba ya katani kuanzia mabegani mpaka magotini kama mzigo wa kuni. Nilikuwa na huruma nyingi na akili kidogo. Nilichukua mkasi, nikamwendea mbio, nikaanza kukata bila kumwambia neno. Sasa fikirini ni ninyi mmefungwa, halafu mnaona mwanamke msiyemjua anakuja mbio na chuma mkononi. Mngefanya nini? Aliniuma, na sikumlaumu hata siku hiyohiyo.

Aliyenitoa pale ni Mzee Lameki. Kwenye makaratasi alikuwa mhudumu: kudeki, kuchemsha vyombo, kufungua geti. Alisoma mpaka darasa la nne. Alivuta benchi, akakaa ubavuni kwa yule msichana, siyo uso kwa uso, akawa anatazama kulekule anakotazama yeye. Kisha akamsalimia taratibu kwa Kigogo, "Mbukwa, mwanangu. Mmetoka mbali?"

Msichana alikuwa anapiga kelele tangu alfajiri, hivyo ndivyo ndugu zake walivyosema. Akanyamaza. "Mbali," akasema.

"Umekunywa maji leo?"

"Sijanywa."

"Basi nitakupa. Nikulegezee mkono upi kwanza, ushike kikombe?"

Akafikiri. Nawaambieni, alifikiri kabisa, kama mtu anayechagua kitenge dukani. "Wa kulia," akasema.

Mzee Lameki hakukata kamba. Alifungua fundo moja, akampa maji, wakaongea habari za punda, akafungua la pili. Baadaye, akinifunga bandeji, akaniambia, "Nesi, huyo amekamatwa na watu kumi tangu asubuhi. Wewe ulikuwa wa kumi na moja. Atakayemuuliza kitu ndiye atakayesikilizwa."

Nilikaa na mzee yule miaka sita, na karibu yote niliyoyafanya baadaye yalikuwa ya kwake. Vua chochote kinachoning'inia shingoni. Usimwambie mtu "tulia". Hakuna aliyewahi kutulia kwa kuambiwa atulie, jaribuni nyumbani kwenu. Aongee mtu mmoja tu, na wale wanaume sita waliomleta uwape kazi ya mbali, wakatafute hata kuni zisizohitajika. Kaa karibu na mlango, lakini usiuzibe, maana anayeona njia ya kutokea hana haraka ya kutoka. Na shika paji la uso wake kabla ya kuandika lolote. Hili la mwisho nilijifunza kwa aibu. Nilimwandikia kijana mmoja aliyekuwa anaongea na ukuta kwamba ana ugonjwa wa akili, Mzee Lameki akapita na ndoo yake, akamgusa, akaniuliza, "Nesi, na huu moto nao ni wa akili?" Ilikuwa malaria imepanda kichwani. Tungechelewa kidogo tu tungemzika.

Nilifanya pia kosa la kuchekesha. Alikuwepo baba mmoja aliyetuambia kwamba yeye ni waziri wa maji, ametumwa kutoka Dodoma. Nikajifanya mjanja nikamwambia, "Mheshimiwa, basi tuchimbie kisima hapa kituoni." Wiki nzima baba wa watu alikuja kila asubuhi na fimbo kupima uwanja, akatuchimbia mashimo manne kwenye bustani ya mchicha. Mzee Lameki akaniambia huku akifukia, "Usibishane na waziri, Nesi. Lakini na kisima usimwombe."

Miaka ilivyokwenda nilipelekwa kozi fupi ya afya ya akili, kisha nikahamishiwa zahanati moja ya milimani, juu huko upande wa Kibakwe. Kijiji sikitaji, na majina ya watu nimeyabadilisha. Tulikuwa wawili, mimi na tabibu. Cheti cha kozi nilikibandika ukutani, na huo ndio ukawa mwisho wa kualikwa kwenye sherehe. Niliitwa nesi wa vichaa. Kanisani benchi langu lilibaki na nafasi pande zote mbili, hata Krismasi, kana kwamba ugonjwa ule unaruka kama kiroboto. Watu wale hawakuwa wabaya. Wakipata mgonjwa walinibembeleza kwa machozi, na akipona walipita upande wa pili wa barabara, kwa sababu mimi ndiye niliyewaona siku ile. Jioni nilikuwa nawasha redio, nikipika namjibu mtangazaji. Msicheke. Fanyeni kazi hii miaka kumi peke yenu ndipo mcheke.

Sasa niwaambie habari za Mwalimu Yohana.

Alikuwa anafundisha hesabu shule ya msingi pale kijijini. Mtu mpole, shati limenyooshwa hata siku ya gulio. Mtoto akipata homa darasani alimleta zahanati mwenyewe, amembeba mgongoni. Masika moja korongo lilijaa, likamchukua mwanafunzi wake wa darasa la tatu, binti aitwaye Zawadi, akivuka kwenda shule. Mwili ulipatikana, tukazika. Kesho yake kengele ikagongwa, masomo yakaendelea. Hakuna aliyemuuliza mwalimu chochote. Hata mimi, mwenye cheti ukutani, nilimpita njiani nikamwambia "pole, Mwalimu," nikaendelea na safari yangu.

Kama miezi miwili hivi baadaye, saa tatu asubuhi, wakamleta. Alikuwa juu ya bodaboda, mikono imefungwa, amebanwa katikati ya dereva na mjomba wake. Nyuma alikuja mkewe, Roida, anakimbia peku na viatu vya mumewe mkononi. Mwalimu alikuwa hajalala siku tano. Asubuhi hiyo aliingia nyumba za watu, akifungua milango ya vyumba na kuangalia mvunguni, akisema anamtafuta mwanafunzi. Baba mmoja alimkuta chumbani kwa watoto wake. Walimpiga kabla ya kumfunga.

Tabibu alikuwa semina wilayani. Nilikuwa peke yangu.

Nikavua saa, nikavua kitambaa cha kichwa, nikavuta benchi. "Shikamoo, Mwalimu," nikasema, ingawa nilimzidi umri. Sijui kwa nini ilinitoka. Akageuka.

"Marahaba. Umekuja na daftari la mahudhurio?"

"Sijaja nalo."

"Basi nitaita kwa kichwa." Akaanza. "Abeli. Amosi. Beatrisi..." Akaita darasa zima, akifika kwa Yusta anasimama, anarudi kwa Abeli. Niliwatuma wanaume wakachote maji mtoni, nikafungua fundo la kwanza alipofika kwa Daniel.

Katikati ya mahudhurio hayo nilikuwa napiga simu, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu haya hayamo kwenye vitabu vyenu.

Kabati la dawa halikuwa na sindano hata moja ya kumtuliza mgonjwa wa namna ile. Zilikuwepo tembe chache, na tembe humezwa na anayekubali kumeza. Hospitali ilikuwa saa tatu za barabara ya vumbi, makona na magenge. Kwa bodaboda angeweza kujirusha. Nikampigia dereva wa gari la wagonjwa.

"Mama, hili gari ni la wajawazito na watoto," akasema. "Mgonjwa wa hivyo mwaka jana alinipiga teke nikiendesha, nusura tuingie korongoni. Mpaka awepo askari."

Nikapiga kituo cha polisi. "Amefanya kosa gani?" askari akauliza.

"Hajafanya kosa. Anaumwa."

"Sasa kama anaumwa, si hospitali hiyo? Akipiga mtu tuiteni."

"Afande, kwa hiyo tunangoja apige mtu?"

Alikuwa kijana wa watu, mwenye adabu. "Mama, naweza kumweka mahabusu mpaka kesho. Ndicho chumba nilicho nacho."

Nikapiga hospitali. Wakanipokea vizuri sana. "Kitanda kipo, mlete."

"Kwa usafiri gani?"

"Gari la wagonjwa la kwenu huko si lipo?"

Nikamrudia dereva, dereva akanirudisha kwa askari. Kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kweli. Nilipiga simu mpaka salio likaisha, na nilipoiweka simu mezani nikagundua kwamba katika ule mzunguko wote, mtu pekee ambaye hakuwa na wa kumwachia alikuwa mimi. Roida alikuwa ameketi sakafuni, viatu vya mumewe mapajani, anasugua udongo kwenye soli kwa kidole.

"Mama Nesi, wanakuja?"

"Bado," nikamwambia. Sikumdanganya, lakini pia sikumwambia ukweli.

Tulikaa. Saa nne, saa tano, saa sita. Mwalimu akiita majina, mimi nikiitika "yupo" kila moja, maana niliona anapoitikiwa mabega yanashuka. Roida naye akaanza kuitika. Wagonjwa wengine walikuja, wakachungulia dirishani, wakarudi kwao na homa zao. Kama saa saba, alipofika kwa Yusta na kusimama, nikasema polepole, "Mwalimu, anayefuata ni Zawadi."

Mliosoma mtaniambia nilikosea. Hata mimi sikuwa na hakika. Alinitazama, akasema, "Nilimwona asubuhi ile ng'ambo ya korongo. Nilimpungia mkono avuke. Nilidhani maji yamepungua."

Hakuna aliyejua. Roida alikuwa analala naye kitanda kimoja na hakujua. Mwalimu akalia, kilio cha mtu mzima ambacho hukitafutii jina, na baada ya kulia akapokea tembe na kikombe, akameza.

Msije mkadhani maneno ndiyo yaliyoponya. Nusu saa baadaye alikuwa anamtafuta Zawadi chini ya kitanda cha kujifungulia. Alihitaji hospitali vilevile. Ila sasa alikubali nimshike mkono.

Saa tisa lilipita lori la vitunguu. Nilisimama katikati ya barabara nimenyoosha mikono miwili. Dereva alikuwa mtu mzima, mwembamba. Nilimweleza bila kumficha. Akamtazama Mwalimu, akaniuliza, "Anapenda kukaa dirishani au katikati?" Nilitaka kumkumbatia yule baba. Nilifunga zahanati kwa kufuli, tukakaa wanne kibandani, Mwalimu katikati yetu mimi na Roida, akiita mahudhurio mpaka dawa ilipomchukua, akalala begani kwangu. Tulifika jua linazama. Wakampokea, wakamlaza.

Niliporudi kesho yake nilikuta mama amejifungulia barazani, mlango umefungwa, amesaidiwa na bibi mmoja wa jirani. Mtoto alikuwa mzima, mama naye mzima. Mume wake hakunisalimia tena mpaka nahama, na barua ya onyo niliyopewa ilikuwa ya haki: niliacha kituo bila mtu. Nimeufikiria mwaka na mwaka uamuzi ule na bado sijapata ambao ungekuwa sawa. Mtu mmoja hawezi kugawanywa. Wanaowaambia ninyi kwamba muuguzi mwenye moyo atapata njia, waulizeni, njia ipi, na ni nani aliyebaki mlangoni.

Mwalimu alirudi baada ya wiki kadhaa, amenenepa kidogo, anatembea taratibu. Shule ikampokea, lakini wazazi hawakutaka awe darasani, basi akapewa kutunza stoo ya vitabu. Kila mwezi alikuja kuchukua tembe, na akishachukua haondoki, anakaa nami kwenye benchi la nje. Hatukuongea sana. Siku moja akasema, "Mama Nesi, umeona? Sisi wawili tukikaa benchi hili, hakuna mwingine anayekuja kukaa." Nikacheka mpaka machozi. Ni kweli, lilikuwa benchi refu.

Wakati mwingine alinisomea majibu ya kijinga aliyoyakuta kwenye madaftari ya zamani mle stoo. Mtoto kaulizwa pembetatu ina pembe ngapi, kajibu, "Inategemea na mwalimu." Siku za tembe zilikuwa sikukuu zangu. Naona aibu kidogo kuwaambia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Halafu tembe zikakata. Niliagiza, sikuletewa. Nikaagiza tena. Mwezi wa pili nilimgawia zilizobaki nusu nusu, jambo ambalo halitakiwi, nikamwambia Roida, "Ukiona halali usiku mmoja tu, nipigie. Usingoje wa pili." Namba yangu aliiandika kwa mkaa ukutani jikoni kwake.

Mama yangu akafariki Hombolo. Nikaomba ruhusa, nikashuka. Tulimzika Jumamosi. Ibada ilipoanza niliizima simu sauti, nikaitia mkobani chini ya leso. Ndivyo mtu anavyofanya kwenye mazishi ya mama yake. Nilimzika mama, nikapokea pole, nikasaidia kuosha vyombo. Jioni nilipofungua mkoba nikakuta simu tisa ambazo hazikupokelewa. Zote za Roida. Ya kwanza saa mbili asubuhi, ya mwisho saa saba mchana.

Nilipiga, haikupokelewa.

Mwalimu alikuwa hajalala usiku mmoja, na Roida alifanya kama nilivyomwagiza. Zahanati ilikuwa imefungwa, tabibu kaenda kwao mwisho wa juma. Mjomba alikuja, akakaa naye mpaka mchana, na wakati wanapakua ugali Mwalimu akatoka kwa mlango wa nyuma. Alifuata korongo. Wakati ule lilikuwa kavu, mchanga mtupu, na jua la mwezi wa kumi kule mnalijua. Alilifuata lote kushuka mlima mpaka linapoishia bondeni. Wachungaji walimkuta siku ya tatu, amelala chini ya mwiba, viatu amevivua na kuvipanga vizuri pembeni. Hakuwa na jeraha lolote. Alitembea tu mpaka maji ya mwilini yakaisha.

Sasa nimestaafu, niko hapa Hombolo kwenye nyumba ya mama. Nina mizabibu michache na kuku wasionisikiliza. Wanafunzi wa uuguzi wakija kunitembelea huniuliza dozi, huniuliza sheria, huniuliza jinsi ya kumshika mgonjwa mwenye nguvu. Nawajibu yote ninayoyajua. Hawaulizi kuhusu ile siku ya simu tisa, kwa hiyo nimeiandika.

Niliporudi mlimani baada ya arobaini ya mama, nilikwenda moja kwa moja kwa Roida. Alikuwa jikoni, anapepeta mtama. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akanipa pole ya mama kabla mimi sijampa yake. Tukakaa. Namba yangu ilikuwa bado ukutani juu ya mafiga, imefifia kwa moshi.

Nilijikaza nikamwomba msamaha. Akasema, "Ulikuwa unazika, Mama Nesi." Akaendelea kupepeta.

Ndipo nikamuuliza lile swali, na mpaka leo sijui nilitaka jibu gani. Labda nilitaka anitajie mtu nimchukie badala yangu.

"Roida, ulipoona sipokei, ulimpigia nani mwingine?"

Akaweka ungo chini. Hakukasirika. Alinitazama kwa uso wa mtu anayejaribu kwa kweli kukumbuka, asije akamsahau mtu.

"Mwingine nani?" akasema.